Nguvu Iliyolala

Kwa umri wake, kompyuta ile ilipaswa kukohoa. Tupokigwe aliinunua mwenyewe, mtumba, Sekela akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Tangu hapo feni yake ilikuwa imebadilishwa, ubavu wake umefungwa kwa utepe wa fundi bomba, na paka amezalia juu yake kwa kupenda joto. Tupokigwe aliijua kama alivyoijua sufuria yake ya ugali. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele yake sebuleni, kipimo chake cha kazi kimechomekwa, na mshale kwenye kioo cha kipimo ulikuwa umesimama kwenye tisini kama umepigiliwa msumari.

“Haiwezekani,” alisema.

“Si unaona inawezekana?” Sekela alijibu kutoka mkekani. Alikuwa kidato cha tatu, mkanda wa kijivu umemzunguka kichwa, glavu za kuchezea mikononi. “Mama, weka kidole yaishe. Watu wananisubiri.”

“Wasubiri.”

Watu wenyewe walikuwa kumi na wawili, kila mmoja kwao: Kyela, Makete, Mbozi, huko na huko. Wote walikuwa wakikimbia ndani ya bonde moja la kubuni, na bonde hilo lilikuwa linazunguka ndani ya kisanduku hiki kimoja chini ya meza ya televisheni. Sekela ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kikosi. Na gemu haikuwa ile iliyotoka kiwandani. Walikuwa wameishonea nyongeza mpaka imevimba: mvua inayonuka udongo, ng'ombe wenye visasi, daraja linalooza usipolitunza. Kila nyongeza ina mdomo wake, na midomo yote hula kwenye sahani moja.

Ligi ilikuwa na sharti lisilo na huruma. Mashine ya mwenyeji ipimwe na mpimaji mwenye leseni, nyongeza zote zikiwemo, wachezaji wote wakiwa ndani. Mshale ukishuka chini ya sitini, kikosi kizima kinabaki nje. Kipimo chenyewe ndicho kilichotuma namba ligi, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kubebana, na mama aliruhusiwa kumpima mwanawe. Kilichobaki kwa mpimaji ni swali la mwisho kwenye kioo, Mashine hii inatosha?, na kidole gumba chake juu ya Ndiyo au Hapana.

Rungwe nzima ilikuwa na mpimaji mmoja, na ndiye huyu. Stashahada yake ilining'inia juu ya mlango wa jikoni, mahali pekee alipopita mara nyingi kiasi cha kuiona. Tupokigwe hakuwa mtu wa kukaa. Chai yake ilipoa siku zote, nusu kikombe, juu ya kitu ambacho si meza.

“Lwitiko, ng'ombe nyuma yako, we kiziwi!”

Huyo alikuwa Bibi Subilaga, mama yake Tupokigwe. Alikuwa kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, bakuli la karanga mapajani, na mkanda wa kijivu umevaliwa juu ya kilemba. Bibi hakucheza. Alitazama tu. Tangu magoti yamkatae, wajukuu walimvalisha mkanda ili asiachwe peke yake, na ndani ya bonde alikuwa na jiwe lake la kukalia, juu mlimani, pa kuwaona wote.

“Nimemwona, Bibi!” sauti ya mvulana ilitoka kwenye spika, kutoka Kyela. “Nilikuwa namtega!”

“Unamtega kwa makalio?”

Spika ikajaa vicheko. Hata Tupokigwe akatabasamu, lakini macho hayakubanduka kwenye mshale. Ng'ombe yule na mvua ile na watoto wote wale, na mashine inatiririka kama maziwa.

Akaanza kazi kwa njia aliyoizoea: gawa katikati. Akazima nusu ya nyongeza, akatazama. Tisini. Akazirudisha, akazima nusu ya pili. Mshale ukaanguka hadi thelathini na spika ikapiga kelele za watu waliogandia hewani.

“Mama!”

“Tulia.”

Akaigawa nusu ile, kisha nusu ya nusu, mpaka akabaki na nyongeza moja mkononi. Iliitwa Wepesi. Akiitoa, mshale unaanguka. Akiirudisha, unapanda.

“Hii mmeitoa wapi?”

“Mtandaoni. Kila mtu anayo.”

“Inafanya nini?”

“Imeandikwa hapo.”

Iliandikwa mstari mmoja: Hukusanya nguvu iliyolala nyumbani.

“Maana yake friji,” Sekela alisema. “Na simu yako, na redio ya Bibi. Vyote vina ubongo ndani, na muda mwingi vimekaa bure. Wepesi inaviazima.”

Ilieleweka. Lakini Tupokigwe alijua friji yake. Ubongo wa friji ulitosha kujua kama mlango umefungwa, basi. Nguvu haizuki tu. Kama mashine hii inakimbia, kuna kitu mahali fulani kinachosukuma.

Akainuka. Akaenda jikoni, akachomoa friji. Akapita na kikombe cha chai, akamwekea mama yake mkononi bila kusimama.

“Mlima upi leo?”

Ulikuwa mchezo wao wa zamani. Bibi Subilaga alikuwa mwonjaji wa chai kiwandani miaka yote ya utu uzima wake, mpaka ilipoletwa mashine ya kuonja akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Ulimi ulibaki naye. Ungempa kikombe chochote, angekuambia mlima, angekuambia kama majani yalichumwa kabla au baada ya mvua, na wakati mwingine angekuambia mchumaji alikuwa mvivu.

“Mlima upi nini?” Bibi alisema. “Chai ni chai.”

Tupokigwe alikuwa ameshafika chumbani kuzima redio. Akazima simu yake. Akazima pasi, ingawa pasi haikuwa na ubongo wowote. Akarudi sebuleni anahema.

Tisini.

“Nani mwingine anasukuma?” alijiuliza kwa sauti.

Bibi akaweka bakuli la karanga chini. “Nishike mkono mtu. Nakwenda msalani.”

“Bibi, usiondoke kwanza!” Sekela alisema, na spika ikadakia kutoka pande zote, “Bibi Baraka! Dakika moja tu! Bibi, usituache!”

“Kibofu hakina ligi,” Bibi alisema, akauvua mkanda.

Mshale ukaanguka hadi thelathini.

Ndani ya spika Lwitiko alikatika katikati ya neno. Sekela akazirusha glavu mkekani, anacheka kwa hasira.

“Umeona? Kila siku hivi hivi. Akikaa pale tunapepea, akiondoka tunaganda. Ndiyo maana tunamwita Bibi Baraka. Lwitiko anasema tumjengee choo ndani ya gemu.”

Tupokigwe hakucheka. Alikuwa ameushika mkanda wa mama yake, nao ulikuwa wa moto. Si joto la kichwa. Ulikuwa wa moto kama chaja.

*

Mkanda wa kuchezea hufanya kazi moja. Unapokea bonde kutoka kwenye kompyuta na kuliweka kichwani mwa mtu. Unakunywa, hautoi. Ukivipima vitu vyake vya ndani, utaona mkondo unatiririka kuelekea upande mmoja tu.

Bibi aliporudi na kuketi na bakuli lake mapajani, Tupokigwe alimvalisha mkanda kwa mikono yake, taratibu, akachomeka kipimo nyuma ya sikio. Mkondo ulikuwa unatoka kichwani kwenda kwenye mashine. Mwingi. Bibi Subilaga alikuwa anakamuliwa.

“Avue,” Tupokigwe alisema. Kisha akauvua mwenyewe, haraka, kilemba kikaenda upande.

“We! Adabu!”

“Sekela, vua wako uje hapa. Acha spika iendelee kuwaka, hata hao wasikie.”

Aliyasema yote akiwa amesimama, kama anavyosema mambo yote. Kichwa cha mtu ni fundi wa kubahatisha. Mpira ukirushwa, kichwa kimeshaona utakapoangukia kabla haujafika. Mashine dhaifu haiwezi hivyo. Lazima ichore kila picha kwa jasho, ndiyo maana inakwama. Mtu mmoja kaona njia ya mkato. Unaupa ubongo wa mtu nusu ya picha, wenyewe unamalizia, halafu unaichukua picha iliyokamilika na kuwagawia wachezaji wote. Ubongo wa anayecheza una shughuli, hauguswi. Ila wa yule aliyevaa mkanda na mikono yake imetulia...

“Wepesi inatafuta kilicholala,” alisema. “Friji imelala. Redio imelala. Na Bibi, kwa hesabu ya Wepesi, amelala. Si baraka. Ni mafuta. Mnamchoma.”

Mvua ikagonga bati. Nje lori la chai lisilo na dereva lilipita likipiga honi yake ya upole.

Bibi Subilaga ndiye aliyesema kwanza, na uso wake haukuwa na woga hata chembe.

“Unasema bonde lote lile nilikuwa nalibeba mimi?”

“Mama...”

“Na ng'ombe?”

“Na ng'ombe.”

“Mimi! Na magoti haya!” Akapiga kofi pajani, karanga zikaruka. “Halafu mnanichukulia kama kabati humu ndani. Watu wanapita, wananiwekea vitu mapajani.”

“Mama, sikiliza. Inakula akili yako.”

“Iliyokuwa inafanya kazi gani? Kulinda nyanya zilizoanikwa?” Sauti ilipanda. “Kabla ya mkanda huu, nani aliniambia nisiondoke? Mwaka mzima nimekaa dirishani, hakuna aliyenung'unika nikienda msalani. Sasa watoto kumi na wawili wananililia. Nirudishie kitu changu.”

“Jana umeniita Sekela mara mbili.”

“Mnafanana.”

“Juzi ulisali sala ya chakula, ukala, ukasali tena kuanza kula.”

“Mungu hachoki.”

Tupokigwe akakichukua kikombe kutoka dirishani, kilikuwa bado na uvuguvugu, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake na kuvikunja vidole vyake juu yake. “Mlima upi?”

Bibi akamtazama kwa dharau. Akanywa. Akaizungusha chai mdomoni kama zamani, shavu hili, shavu lile. Akameza. Akafungua mdomo kujibu.

Hakuna kilichotoka.

Akanywa tena, upesi, kama mtu anayepapasa mfuko wa pili baada ya kuukuta wa kwanza mtupu. Sekela aliiona ile na akainamisha uso.

“Chai...” Bibi alianza, akaishia hapo. Hakumalizia. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Akasema kwa sauti ndogo, “Mechi ni kesho?”

“Kesho asubuhi,” Sekela alisema.

“Basi nivalisheni kesho. Moja tu. Nilishabeba mengi, hiyo moja itanipunguzia nini? Mkimaliza mtautupa.” Akamgeukia binti yake. “Kichwa ni changu, Tupoki. Sijakipoteza kiasi cha kutojua ni cha nani.”

“Kichwa ni chako, mama. Kidole gumba ni changu.”

“Bonyeza Ndiyo,” Sekela alisema.

Alisema huku anatazama mkeka.

“Umesemaje?”

“Kipimo kinasema tisini. Si uongo. Bibi mwenyewe amekubali. Mama, tangu kiangazi tunajiandaa. Wengine wamekopa mikanda. Siombi hata udanganye, nakuomba ubonyeze kilichoandikwa hapo.”

“Wewe uliona akiondoka mnaganda. Miezi yote hiyo. Hukujiuliza?”

“Nilijua ni utani!”

“Hukuuliza kwa sababu mlikuwa mnashinda.”

Sekela akainua uso, macho yamelowa na makali. “Na wewe? Wewe husema hakuna mwenye mashine ya maana. Kila jioni unarudi unasema umepima debe, umepima kopo, na yote yamepita. Stika zako za kupitisha mashine ziko nyumba ngapi, Mama? Uliuliza?”

Tupokigwe alikuwa na jibu la kila kitu, na mdomo ulifunguka kwa mazoea. Lakini kichwani alikuwa ameshaingia Kiwira, kwenye sebule ya rangi ya kijani, mzee mwenye kofia ya sufu pembeni na mkanda juu ya kofia. *Babu anatazama tu*, walimwambia. Naye akamsalimia, shikamoo babu, akabandika stika, akaondoka mbio kuwahi nyumba nyingine. Kisha kijijini Ushirika. Mtoto wa miaka miwili sofani, amelala fofofo na mkanda wa dada yake, kwa sababu analia asipopewa. Mshale ulisimama vizuri sana nyumba ile. Alimsifu mwenye mashine.

Akatazama kipimo mkononi mwake. Swali lilikuwa linawaka. Mashine hii inatosha?

Sharti lilimtaka apime kama mashine inakimbia. Hakuna aliyewahi kumwambia apime inakimbia kwa miguu ya nani.

*

Spika ilikuwa bado imewashwa. Walikuwa wameisahau.

“Sekela.” Ilikuwa sauti ya Lwitiko, bila utani ndani yake. “Sekela, hebu niambie vizuri. Aliyevaa na hachezi?”

“Ndiyo.”

“Hata kama mashine si ya kwake? Hata kama siyo mwenyeji?”

Sekela akamtazama mama yake. Tupokigwe akasogea karibu na spika. “Kama na kwako Wepesi ipo, na kuna mtu amevaa ametulia, inamchukua. Kwako nani anavaa, baba?”

“Bamkubwa. Alipigwa na kiharusi. Tunamvalisha aone watu.”

Kikasikika kishindo, kitu kimedondoshwa, na miguu inayokimbia kwenye sakafu. Kwenye skrini ya televisheni, Lwitiko wa bondeni alisimama wima karibu na daraja, mikono inaning'inia, ng'ombe anamnusa.

Kisha msichana wa Makete akasema, “Naja,” naye akasimama. Kisha mwingine. Mmoja baada ya mwingine watoto wa bonde walitulia kama miti, kila mmoja amekwenda kuangalia kona ya nyumba yake.

Sekela alitazama kikosi chake kikimwishia mbele ya macho. Kisha akatambaa hadi kwenye kibodi, akaitafuta Wepesi kwenye safu ya nyongeza, akaifuta. Hakuizima. Aliifuta, na mashine ilipouliza kama ana hakika, aligonga kitufe kwa nguvu ya kutosha kuvunja kucha.

Bonde likaanza kukohoa. Mvua ilishuka kwa vipande, ikasimama hewani, ikashuka tena.

Tupokigwe akaweka kidole gumba kwenye Hapana. Kipimo kikauliza sababu. Kwa kawaida aliandika neno moja. Safari hii aliandika: Mashine haitoshi. Wanaoitosheleza ni watu walio pembeni yake. Futeni Wepesi popote ilipo. Simamisheni stika zangu zote, naanza kuzirudia nyumba kwa nyumba leo hii. Akaweka jina lake lote, na la baba yake, na namba ya leseni ambayo huenda kesho isingekuwa yake. Akatuma.

“Mmenistaafisha tena,” Bibi Subilaga alisema kutoka dirishani. “Mara ya kwanza walinipa hata saa ya ukutani.”

Hakuna aliyejua kama acheke. Sekela akasimama, akavuta pua, akaenda kwa bibi yake na glavu zake. Akapiga magoti. Akamvisha moja, kidole kimoja kimoja, kwa sababu vifundo vilikuwa vimevimba, kisha ya pili. Akapachika mkanda juu ya kilemba, na Tupokigwe akachomeka kipimo nyuma ya sikio kabla hajaombwa. Mkondo ulikuwa unaingia tu. Akauangalia mara tatu.

“Inuka kwenye jiwe, Bibi,” Sekela alisema. “Sukuma kidole hiki. Sasa wewe ndiye unayekwenda.”

Kwenye skrini, mwanamke mdogo mwenye kilemba alisimama juu mlimani. Akapiga hatua. Akaganda, mguu hewani. Akaruka hatua tatu kwa mpigo, akaingia mtaroni.

“Mbona linakwenda kama magoti yangu?” Bibi alisema.

“Ndiyo mashine tuliyonayo.”

“Basi tumekutana.” Akasukuma kidole tena, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. “Yule ng'ombe yuko wapi? Nina neno naye.”

Tupokigwe alikuwa ameshavaa koti la mvua, mkoba begani, funguo mkononi. Kiwira kwanza. Yule mzee mwenye kofia kwanza, halafu Ushirika, halafu huko kwingine kote. Alikuwa mlangoni alipokiona kikombe, kikiwa na funda la mwisho. Akarudi, akakiinua hadi mdomoni mwa mama yake kwa vile mikono ya mama ilikuwa na kazi.

“Mlima upi?”

Bibi akanywa. Skrini iliganda na yeye, mguu mmoja nje ya mtaro. Chai ikazunguka shavu hili, shavu lile. Hakumeza. Paji la uso likajikunja, macho yakaenda juu kwenye dari, mahali alipokuwa akiangalia zamani wakati jina la mlima likiwa njiani.

Mvua ilikuwa inazidi. Barabara ya Kiwira ingekuwa matope muda si mrefu.

“Mama?”

Bibi akainua kidole kimoja cha glavu: subiri.

Tupokigwe akauteremsha mkoba begani, akauweka sakafuni, akavuta kigoda, akakaa.